Abu Huraira: Mchungaji na Kipaka Chake

Sisi tuliokaa mkekani chuoni tulilisikia jina la Abu Huraira kila kilipofunguliwa kitabu cha Hadithi, na wengi wetu tukakua tusijue maana yake. Huraira ni kipaka. Bwana huyu mkubwa, aliyepokewa kwake Hadithi 5,374 kwa hesabu ya maulamaa, hajulikani kwa jina la baba yake wala la kabila lake, bali kwa mnyama mdogo aliyemtunza. Hata jina lake la kuzaliwa wanavyuoni wamelihitilafiana. Mashuhuri ni kwamba alipokwisha kusilimu aliitwa Abdurrahman bin Sakhr.

Kwao ni kwa Wadausi, kusini mwa Bara Arabu, njia ya Yemen. Alikuwa akiwachunga mbuzi na kondoo wa watu wake, naye ana kipaka chake. Usiku alikipandisha mtini, na asubuhi akakiteremsha, akenda nacho machungani akicheza nacho. Watu wakamwita kwa hicho, na jina likaganda.

Alifika Madina mwaka wa 7 Hijria (628), wakati Mtume (S.A.W.) yuko Khaibar. Hakuwa na nyumba wala biashara. Alilala Suffa, kile kibanda cha msikitini walimokaa masikini wageni. Njaa ikimwangusha baina ya mimbari na chumba cha Bibi Aisha, na wapitao wakidhani ana wazimu. Siku moja alikaa njiani akamwuliza Sayyidna Abubakar juu ya aya ya Qurani, si kwamba hakuijua, bali akitaraji kukaribishwa chakula. Akajibiwa, akaachwa. Kwa Sayyidna Umar ikawa vivyo hivyo. Mtume ndiye aliyemsoma uso. Kulikuwako bakuli moja tu la maziwa, naye akaamrishwa awaite watu wote wa Suffa na awanyweshe yeye kwa mkono wake, hali tumbo lamkata. Zamu yake ilipofika alikunywa hata akakosa pa kutia.

Mtu aliyeonja njaa ya namna hiyo ndiye aliyetupokelea, pamoja na Ibn Umar na wengineo, habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa.

Hapa pana mjadala. Imepokewa kwamba Bibi Aisha (R.A.) alimkabili kwa Hadithi hii, akiona kuwa Muumini ana heshima kubwa mno mbele ya Mungu hata aadhibiwe kwa paka, na kwamba mwanamke yule alikuwa kafiri. Imam Nawawi, tegemeo letu sisi Mashafii, alishika kuwa alikuwa Mwislamu, na paka ndiye aliyemponza. Mimi si mtu wa kuwaamua wakubwa hawa. Lakini litazame kosa lenyewe, ndugu msomaji. Mwanamke hakulaumiwa kwa kukosa chakula. Alikuwa na milango miwili: ampe, au amwachie akajitafutie vijidudu vya ardhi. Akaifunga yote miwili.

Katika lugha yetu, kufuga na kufunga zimeachana kwa herufi moja. Paka wa gatini akinyimwa kichwa cha samaki na mvuvi huyu, hakudhulumiwa; atakwenda kwa yule. Lakini paka afungiwaye stoo kwa dhana kwamba mwenye njaa ndiye mwindaji hodari, riziki yake imo shingoni mwa mwenye ufunguo. Nimewaona watu wa swala tano wakifanya hivyo. Nami sijitoi: nilipata kwenda harusini siku nne, nikamsahau paka chumba cha juu. Nilimkuta yu hai, akanipita mlangoni asinitazame.

Wala si paka peke yake. Ni Abu Huraira huyo huyo aliyetupokelea kuosha mara saba chombo alichokiramba mbwa, nasi tumeshika sana. Na ni yeye aliyetupokelea habari ya msafiri aliyemkuta mbwa akila udongo mbichi kwa kiu, akashuka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake, akakiuma kwa meno apate kupanda, akamnywesha. Mungu akamghufiria. Hii ya pili twaisoma pia, lakini upesi upesi. Tena katika kueleza mbwa wanaoruhusiwa kufugwa, yeye alitaja na mbwa wa shamba. Ibn Umar akasema Abu Huraira alikuwa na shamba.

Sayyidna Umar alimpa uliwali wa Bahrain, kisha akamwuzulu na kumhesabia mali aliyorudi nayo. Akajibu kwamba ni farasi wake waliozaana, na tunu zilizomfikia. Alipoitwa tena kwenye kazi, alikataa. Uzeeni, akikaimu ugavana wa Madina, alipita sokoni na mzigo wa kuni mgongoni, akiwatania watu wampishe amiri.

Wanavyuoni wanautaja mwaka wa kufa kwake kuwa 57, 58 au 59 Hijria, yaani baina ya 676 na 679. Katika maradhi yake ya mwisho alilia. Alipoulizwa, alieleza kuwa haililii dunia hii. Analilia urefu wa safari na uchache wa masurufu. Akazikwa Baqii.