Robert Bosch: Fundi aliyelipatia lori la dizeli pampu yake

FUNDI yeyote aliyewahi kufungua injini ya Mercedes 1113 amekutana na jina la Bosch kwenye pampu ya dizeli. Ni wachache wanaojua kuwa hilo ni jina la mtu.

Robert Bosch alizaliwa Septemba 23, 1861 katika kijiji cha Albeck, karibu na mji wa Ulm, Ujerumani. Alikuwa mtoto wa 11 kati ya 12. Wazazi wake walikuwa wakulima wenye nyumba ya wageni.

Alijifunza ufundi wa vyombo vidogo mjini Ulm, kisha akazunguka kutafuta ujuzi. Mwaka 1884 alivuka bahari hadi Marekani, akafanya kazi katika kampuni ya Thomas Edison, na baadaye Uingereza kwa Siemens. Novemba 1886 alifungua karakana yake mwenyewe Stuttgart.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya shida. Kilichomwokoa ni magneto, kifaa cha kuzalisha cheche za kuwashia injini ya petroli. Mwaka 1902 kampuni yake ilitoa magneto ya umeme mkubwa pamoja na plagi, na biashara ikaenea duniani. Mwaka 1906 aliwapa wafanyakazi wake siku ya kazi ya saa nane, jambo lililokuwa geni kwa matajiri wa wakati huo.

Lakini injini ya dizeli haina plagi wala cheche. Mafuta huwaka yenyewe kwa joto la hewa iliyobanwa. Kwa mtu aliyetajirika kwa cheche, hiyo ilikuwa hatari, na Bosch aliiona mapema. Injini ya Rudolf Diesel ya mwaka 1897 ilipuliziwa mafuta kwa hewa ya kompresa, mtambo mzito usiofaa kwenye lori. Mwishoni mwa 1922 Bosch aliamua kampuni yake itengeneze pampu ya kusukuma mafuta bila hewa hiyo. Mwaka 1927 ikaanza kutolewa kiwandani kwa wingi. Mwaka 1936 ilionekana hata kwenye gari dogo, Mercedes-Benz 260 D.

Pampu hiyo ina adui mmoja: uchafu. Vyuma vyake vya ndani vimeachana kwa elfu chache tu za milimita, na hulainishwa na dizeli yenyewe. Mchanga kidogo huvikwaruza, na maji huvitia kutu. Ndiyo maana filta ni ya lazima.

Malori ya zamani yanayotegemea dizeli ya madumu yanahitaji ulinzi zaidi. Chombo cha kutenga maji hufungwa kati ya tangi na pampu ndogo inayovuta mafuta, kikombe chake kiwe cha kuonekana ndani na chenye koki ya kumwagia maji. Filta yenye matundu madogo zaidi hubaki mahali pake, kabla ya pampu kubwa. Wapo wanaofunga filta laini mno upande wa kuvuta, kisha wanashangaa lori kukosa nguvu mlimani. Viungo vya upande huo vikazwe vizuri, kwa sababu mwanya mdogo huingiza hewa bila tone kuonekana nje, na asubuhi lori hugoma kuwaka. Kazi ikiisha, hewa hutolewa kwa pampu ya mkono mpaka mafuta yatoke bila povu.

Maisha ya Bosch nyumbani hayakuwa mepesi. Mwanawe Robert, aliyetarajiwa kumrithi, alifariki mwaka 1921 baada ya kuugua muda mrefu. Mali yake nyingi aliitoa kwa elimu na tiba, na hospitali aliyoigharamia Stuttgart ilifunguliwa mwaka 1940.

Utawala wa Hitler ulimweka pagumu. Kampuni yake ilitengeneza vifaa vya jeshi na kutumia watu waliolazimishwa kufanya kazi. Wakati huohuo, wakuu wake waliwasaidia Wayahudi, na tangu 1937 walimwajiri Carl Goerdeler kama mshauri, mpinzani wa Hitler ambaye aliuawa na utawala huo mwaka 1945.

Bosch alifariki Machi 12, 1942. Utawala huohuo ulimfanyia mazishi ya kitaifa.