Mutisya wa Munge, Fundi wa Wamunyu

Apitaye Changamwe, hapa Mombasa, huwaona mafundi wa Kikamba wamekaa kivulini na tezo mikononi, wakichonga twiga, vifaru na vijiko. Wengi wetu husema kwamba Wakamba wamezaliwa na kazi hiyo, nayo i katika damu yao. Maneno hayo si kweli. Uchongaji huo uliingia Ukambani baada ya vita vya 1914 hadi 1918, na masimulizi ya watu wote huurejeza kwa mtu mmoja, Mutisya wa Munge, mwenyeji wa Wamunyu.

Wamunyu ni mji mdogo wa Machakos, katika njia iendayo Kitui, na ardhi yake ni kavu, mvua zake si za kutumainiwa. Wakamba walikuwa mafundi tangu zamani, lakini ufundi wao ulikuwa wa vitu vya matumizi: bakora, miiko, vibuyu vilivyonakishiwa, na viti vya miguu mitatu ambavyo wahunzi wao walivipamba kwa nyuzi za shaba kwa ustadi wa kustaajabisha. Mutisya alikuwa miongoni mwa watu wa kazi hiyo, na jina lake lilikuwa limekwisha kujulikana kwao kabla ya vita. Twaomba msomaji alishike jambo hili.

Vita vilipozuka baina ya Waingereza na Wajerumani, watu wa Ukambani walichukuliwa kwa wingi, wengine kuwa askari na wengine wapagazi. Jina la Kariakoo, lililobaki Dar es Salaam na Nairobi hata leo, ni ukumbusho wa wapagazi hao, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi na njaa zaidi kuliko kwa risasi. Mutisya naye alifika Tanganyika katika utumishi huo. Huko aliwakuta watu wachongao sura za watu kwa mti mgumu. Wengine husema walikuwa Wazaramo, wengine husema Wamakonde. Ama sisi twaona kauli ya Wazaramo ina nguvu, kwa kuwa hao ndio wenyeji wa Dar es Salaam na viunga vyake.

Hapa ndipo pa kutazamwa. Mtu huyu alikuwa fundi kwao, mwenye sifa, naye alikuwa ugenini katika dhiki ya vita, mbele ya watu wasiokuwa wa kabila lake wala wa lugha yake. Angaliweza kusema kwamba yeye ni fundi, hana haja ya kufundishwa. Hakusema hivyo. Alikubali kuwa mwanafunzi tena, na mkono uliozoea bakora na mwiko ukajifunza kutoa uso na kiganja ndani ya gogo.

Pengine mtu atatuuliza, yawaje ukurasa huu kumtaja mchonga sanamu? Hukumu ya sanamu za wenye roho i wazi katika vitabu vya fiqhi, wala hatukukusudia kuilegeza. Tunalotazama ni njia ya kupata ujuzi, na njia hiyo ni moja kwa mchongaji, kwa mjenzi wa jahazi na kwa mwanafunzi wa nahau.

Aliporudi Wamunyu alichonga, na Wazungu wakanunua. Kisha jamaa zake wakajifunza, na baada yao majirani, hata ufundi ukaenea vijiji vingi. Mafunzo hayo hayakuwa na darasa wala cheti. Kijana huanza kwa kupiga msasa na kung'arisha kazi za wengine, na kwa miezi mingi macho yake huona umbo kamili kabla ya mkono wake kuruhusiwa kukata. Kisha hupewa vijiko, baadaye wanyama. Aliyekomaa hachori mstari wowote juu ya gogo. Hulizungusha mkononi na kupiga tezo, na mnyama hutokea.

Sisi watu wa pwani tulikuwa na wachongaji wa milango Lamu, Mombasa na Unguja, ambao kazi zao wageni huzipiga picha hata sasa. Je, wangapi katika hao walifundisha mtoto asiyekuwa wa nyumba yao? Na vijana wetu wangapi huona haya kukaa chini ya fundi wa kabila jingine, kwa sababu ya nasaba tu?

Katika vita vya 1939 hadi 1945 askari wa kigeni walinunua vinyago kwa wingi, na Wakamba wakateremka Mombasa na kazi yao. Wengi wakachonga kwa haraka, umbo lile lile mara elfu, na hilo twaliona ni dosari. Miti ya mpingo na muhugu nayo ikapungua misituni kwa kukatwa mno. Mafundi wakageukia mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Mwarobaini hupasuka usipokaushwa taratibu, basi wazee waliouzoea muhugu maisha yao yote wakalazimika kujifunza upya kukausha gogo.