Anselme Payen: toka boraksi ya zahabu mpaka siri ya muhogo

Hapa Salamabila, mtu akiyeyusha zahabu yake anatia boraksi kidogo, takataka inajitenga na zahabu inabaki safi. Zamani kule Ulaya boraksi ilikuwa bei kali, juu Waholanzi peke yao njo walikuwa wanaileta toka Asia. Aliyevunja ile bei ni Mfaransa, Anselme Payen.

Alizaliwa Paris mwaka 1795. Baba yake alikuwa na viwanda, na mtoto alisomea nyumbani. Akiwa kijana wa miaka 20 hivi akapewa kiwanda cha boraksi. Akapata namna ya kuitengeneza palepale Ufaransa, akaiuza kwa theluthi moja ya bei ya zamani.

Lakini kazi yake kubwa iko karibu na sufuria zetu. Mama wanaopika pombe wanajua: mahindi yakichipuka, njo utamu unakuja. Payen alitaka kujua ni kitu gani kinageuza wanga kuwa sukari. Mwaka 1833, yeye na Jean-François Persoz waliloweka shayiri iliyochipuka, wakachuja maji yake, wakatia alkoli. Kukatokea unga mweupe. Kidogo tu kilitosha kukata wanga mwingi, lakini ukiuchemsha, nguvu inakwisha. Wakauita diastase. Leo tunauita amilase.

Payen alikufa Paris mwezi wa 5, 1871, mji ukiwa katika vita. Hakujua kama bakteria nao wana nguvu ile ile. Wako mingi katika maganda ya muhogo tunayotupa nyuma ya nyumba. Watu wa labo wanawaotesha juu ya wanga, kisha wanamwaga iyodi. Wanga unakuwa bluu nyeusi. Pale bakteria amekula, panabaki duara jeupe. Halafu, kwa sababu bakteria wengi wanafanana kwa sura, wanasoma jeni moja, 16S, ambayo kila bakteria anayo, na kuilinganisha na zile zinazojulikana. Mara nyingi jina linalotoka ni Bacillus. Amilase yake inatumika kutengeneza sukari ya maji na sabuni za kufulia.

Zahabu ya Namoya siku moja itakwisha. Muhogo tunamenya kila siku, na maganda tunayaachia mbuzi na mvua. Payen, mwenye kiwanda, angeuliza kwanza mule ndani kuna nini.