Tabibu Alexander Fleming na Dawa ya Penisilini

Wako wadhanio kwamba bahati humwangukia mtu kama embe lililoiva, naye hana kazi ila kufumbua mkono. Tumeona vyema, ndugu zetu wasomaji, tueleze maisha ya tabibu ambaye husemwa kwamba alipata dawa kubwa kwa bahati tu, ili tupime bahati ilikuwa kiasi gani na kazi kiasi gani.

Alexander Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika shamba la Lochfield, nchi ya Uskoti. Baba yake, aliyekuwa mkulima, alifariki naye Alexander ni mtoto wa miaka saba. Katika ujana wake alikwenda London, akawa karani katika ofisi ya meli kwa miaka minne. Kisha akapata urithi kwa ami yake, na mwaka 1901 akaingia kusoma utabibu katika hospitali ya St Mary's.

Katika vita vya 1914 hadi 1918 alikuwa Ufaransa akiwatibu majeruhi. Huko aliona watu waliosalimika na risasi wakifa kwa usaha wa vidonda. Aliona pia kwamba zile dawa kali zilizomiminwa katika majeraha mapana ziliua ulinzi wa mwili kabla ya kuua vijidudu. Akarudi London na swali moja: ni kitu gani kitakachoua kijidudu kisimdhuru mgonjwa? Mwaka 1921 aliona kwamba katika kamasi na machozi yetu mna kitu kiyeyushacho baadhi ya vijidudu, lakini kwa vile vya maradhi makubwa hakikuwa na nguvu.

Mwezi wa Septemba 1928 alirudi kazini baada ya likizo, akakuta visahani alivyooteshea vijidudu vya majipu. Kimoja kilikuwa kimeharibika kwa kuingiwa na ukungu, mfano wa ule uotao juu ya mkate uliolala. Na pembeni mwa ukungu huo vijidudu vilikuwa vimeyeyuka. Mwingine angalikiosha kisahani akaendelea na shughuli zake. Fleming alisimama akatazama, kwa kuwa swali lake alikuwa nalo miaka mingi. Akauotesha ukungu ule, akaona kwamba maji yake, hata yakizimuliwa mara 800, huzuia vijidudu visizidi. Dawa ile akaiita penisilini, na mwaka 1929 akaitangaza kwa maandishi.

Hata hivyo hakuweza kuisafisa ikafaa kwa matibabu, na kwa miaka kumi hivi wachache waliijali. Waliokamilisha kazi ni Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley, huko Oxford. Mwezi wa Mei 1940 waliwatia panya wanane vijidudu vya kuua. Wanne wasiopewa dawa walikufa usiku ule ule. Wanne waliopewa wakakutwa asubuhi wazima. Mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walishirikiana tuzo ya Nobel, na Fleming hakuacha kukiri kazi ya wenziwe. Alifariki London tarehe 11 Machi 1955.

Siku alipohutubu kwa ajili ya tuzo hiyo, tabibu huyu alitoa onyo: mwenye kutumia penisilini kidogo kuliko ipasavyo haviui vijidudu, bali huvifunza kuizoea, kisha humwambukiza mwenzake vijidudu visivyosikia tena dawa. Onyo hilo limethibiti, na leo ni msiba wa dunia nzima.

Nasi limo letu katika hilo. Tuwe mjini, au tuwe Kotile kandoni mwa mto Tana, ni mara ngapi mtu hununua vidonge viwili vitatu dukani pasipo kumwona tabibu? Homa ikishuka huacha, na vilivyobaki humpa mtoto wa jirani mwenye mafua, ilhali dawa hii haiyafai mafua kabisa. Mtu huyo hakukusudia ubaya, lakini kesho mwanawe akipatwa na kichomi, huenda dawa isimsaidie.

Fleming alipata kwa kutazama vyema pale wengine wangalipita. Basi nasi tusipoteze kwa kughafilika: tuulize kabla ya kunywa, tunywe kama tulivyoamriwa na tabibu, wala tusigawane dawa kama tende.