John Browning, fundi wa bastola ambaye kazi yake iligusa hata Kalemie

Tarehe 28 Juni 1914, katika muji wa Sarajevo, kijana Gavrilo Princip alimuua Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria, pamoja na bibi yake Sophie. Bastola aliyotumia ilitoka Ubelgiji, kwenye kiwanda cha FN. Mutu aliyeibuni alikuwa Mmarekani, mutoto wa fundi, ambaye maisha yake yote alishika tupa na nyundo: John Moses Browning.

Browning alizaliwa tarehe 23 Januari 1855 huko Ogden, katika Utah. Baba yake, Jonathan, alikuwa fundi wa bunduki. Mutoto alikulia katikati ya vyuma vya zamani, na akiwa bado mudogo akajitengenezea bunduki yake ya kwanza kwa mabaki ya kiwanda cha baba. Mwaka wa 1879 alipata hati ya kwanza ya uvumbuzi. Mwaka wa 1883 kampuni ya Winchester ilinunua bunduki hiyo kwa dola 8,000. Mpaka anakufa, alikuwa na hati 128.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ya fundi kabisa. Hakutegemea michoro mikubwa ya karatasi. Aliiona mashine kichwani, akachora kidogo, kisha akakata chuma. Ndugu yake Ed alimusaidia kutengeneza pyesi za majaribio. Pyesi ikikataa kuingia, inapigwa tupa kidogo, inajaribiwa tena, mpaka ikae vizuri.

Kazi kubwa ya Browning ilikuwa kuitumia nguvu ambayo bunduki za zamani ziliipoteza bure. Sasi likitoka, silaha inarudi nyuma. Yeye aliiagiza nguvu hiyo ifanye kazi: itupe ganda, ikaze resori, na iingize sasi lingine. Mwaka wa 1897 alipatana na FN ya Herstal, karibu na Liège, eneo ambalo mafundi wake walijulikana tangu zamani kwa kutengeneza silaha. Mbele ya vita, FN ilikuwa imekwisha kutengeneza bastola za Browning zaidi ya milioni moja. Mwaka wa 1914 mfalme Albert wa Kwanza alimupa nishani ya Léopold. Ni mfalme huyo ambaye muji wetu ulibeba jina lake, Albertville.

Huko Marekani, jeshi lilitafuta bastola mpya. Browning alikwenda mwenyewe Hartford, kwenye kiwanda cha Colt, kusimamia kila pyesi. Mwezi wa Machi 1911 bastola yake ilipiga masasi 6,000 katika majaribio. Ikipata moto sana, ilitumbukizwa ndani ya maji, kisha kazi ikaendelea. Haikukwama hata mara moja. Tarehe 29 Machi jeshi likaikubali, ikaitwa M1911.

Hapo ndipo linakuja jambo ambalo mafundi wanalibishania mpaka leo. Katika bastola hiyo, mutungi wa sasi na kifuniko cha juu vinashikana, vinarudi pamoja, kisha vinaachana. Vikiachiwa nafasi kidogo, bastola inapiga hata ikiingia mavumbi na matope. Ndiyo sababu jeshi lilipenda hivyo. Lakini nafasi hiyo inafanya masasi yasipige mahali pamoja. Wanamichezo wa kulenga shabaha wakaanza kuwapelekea mafundi bastola zao. Fundi anachukua pyesi iliyo kubwa kidogo kuliko inavyotakiwa, anaipunguza kwa tupa na mawe ya kunolea, anajaribu, anapunguza tena. Chuma kikikatwa kupita kiasi hakirudi, pyesi inatupwa. Na ikibana kupita kiasi, mavumbi kidogo yanatosha kuikwamisha.

Vita vilivyoanza nyuma ya mauaji ya Sarajevo havikukawia kufika huku. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, iliharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, upande wetu wa ziwa Tanganyika. Mwaka uliofuata Waingereza walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, kupitia Afrika Kusini. Zilivutwa katika milima ya Katanga kwa mashine za mvuke, ng'ombe na nguvu za wenyeji. Ziliingizwa ziwani hapa kwetu, na tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka meli Kingani. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe Graf von Götzen karibu na Kigoma. Ikatolewa majini baadaye, ikawa Liemba.

Browning alikufa tarehe 26 Novemba 1926 akiwa kazini kwenye kiwanda cha Herstal. Moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 71, na aliacha bastola moja haijakamilika. Mubelgiji Dieudonné Saive ndiye aliyeimaliza: alibadilisha sehemu nyingi na kuipa chombo cha kubeba masasi 13. Ilitoka mwaka wa 1935, ikaitwa GP35, na majeshi mengi ya dunia yakaitumia.

Saive huyo ndiye aliyetengeneza kisha FAL, bunduki ambayo wazee wetu waliijua katika vita vya Kongo vya miaka ya 1960. Fundi wa Ogden alikuwa amekufa zamani. Hakuwahi kuchagua nani angeshika silaha zake, wala zingefika wapi.