Bibi Trowell, Mwalimu wa Mikono ya Watoto

Mtoto wa pwani hangoji kuonyeshwa namna ya kuunda kitu. Mpe kumbi la nazi atafanya jahazi, mpe kuti atasuka pepeo. Lakini mtoto huyo huyo akiingia darasani mara nyingi mikono yake hulazwa, yakabaki macho na masikio peke yake. Leo nataka kuwasimulia habari za marehemu Bibi Margaret Trowell, aliyeishi Afrika Mashariki karibu miaka thelathini akiitetea mikono hiyo.

Bibi huyu, Mwingereza, alizaliwa mwaka 1904. Alisomea uchoraji katika chuo cha Slade mjini London, kisha akasomea ualimu chini ya Marion Richardson. Mwalimu Richardson hakuwa akiwapa watoto picha ya kuiga. Aliwaambia wafumbe macho, akawasimulia jambo, kila mmoja akaliona moyoni kwa namna yake, ndipo wakashika brashi. Funzo hilo Bibi Trowell hakulisahau.

Mwaka 1929 alikuja Kenya na mumewe, Daktari Hugh Trowell. Walipokuwa Ukambani alivutiwa na kazi za mikono za wenyeji. Mwaka 1935 walihamia Uganda, na huko ndiko kazi yake ilikopata mizizi. Alianza kufundisha barazani nyumbani kwake, na kufikia mwaka 1937 alikuwa akifundisha sanaa katika Chuo cha Makerere. Mwaka huo huo kilitoka kitabu chake juu ya kukuza sanaa na ufundi wa Kiafrika mashuleni. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Aliwahi pia kuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda.

Matunda yake yanajulikana. Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias, ndiye aliyeunda sanamu ya uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962. Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro, alikuwa mchoraji na tena balozi wa Tanganyika mjini London. Rosemary Karuga wa Kenya naye alisoma hapo, wakati wasichana waliofika Makerere walikuwa wachache mno. Wengi wa wanafunzi wa chuo hicho walitoka wakawa walimu, kwa hiyo mbegu yake ilienea mbali.

Sikatai kwamba ana lawama zake. Bibi Trowell aliogopa kwamba mafunzo ya Kizungu yangewaharibia Waafrika njia yao, akawafungia baadhi ya milango ambayo wenyewe wangependa kuifungua. Alipostaafu mwaka 1958, waliomfuata waliifungua. Hata hivyo, jambo moja alilolishika linatufaa sana sisi wa Malindi na Kilifi. Alisema shule isiyo na fedha isingoje rangi za dukani, bali itazame kwanza kilichoko kijijini: udongo, mkaa, nyuzi, majani na magome.

Nasema linatufaa kwa kuwa najua manung'uniko ya wazazi siku hizi. Mtoto huja jioni na habari kwamba kesho anatakiwa na karatasi ya manila, gundi na rangi, na mzazi hana senti. Mtoto asiyenacho hukaa pembeni akiwatazama wenzake. Sasa tujiulize, pwani hii imepungukiwa na nini?

Kila msimu hapa una vifaa vyake. Mvua za masika zikinyesha, Mto Sabaki huleta udongo mwekundu mpaka bahari ya Malindi ikabadilika rangi. Marafa kuna udongo mwekundu, wa manjano na mweupe, ambao ukitwangwa na kuchanganywa na utomvu huwa rangi ya kuchorea. Kiangazi ni wakati wa kuanika miyaa na kusuka ukili. Majani ya mhina yatatoa wekundu, na bizari itatoa manjano. Maulidi ikikaribia watoto watunge makoja ya asumini. Mwezi wa Ramadhani wajifunze kupamba hati nzuri. Kifuu cha nazi hakina msimu, kipo mwaka mzima.

Wako wazee wanaosita kwa sababu ya picha za viumbe wenye roho. Hao nawaambia kwamba sanaa haikuishia hapo. Pwani hii imesifika kwa nakshi: milango ya kuchonga, kofia za kushona kwa mkono, mikeka ya rangi. Nendeni Gedi mkatazame ufundi wa wahenga katika kuta na milango ya mawe. Bibi Trowell mwenyewe, ingawa hakuwa Mwislamu, aliandika kitabu kizima juu ya nakshi za Kiafrika, kilichotoka mwaka 1960. Mtoto anayepima maumbo ya pembe tatu katika mkeka anajifunza hesabu pamoja na subira.

Alifariki mwaka 1985. Mwaka huo huo Kenya ilianzisha mfumo wa 8-4-4, na sanaa na ufundi vikatahiniwa katika shule za msingi. Baadaye somo hilo liliondolewa katika mtihani, na kisichotahiniwa walimu wengi hukiacha. Mtaala mpya ulioanza nchini kote mwaka 2019 umeirudisha sanaa darasani. Nafasi imepatikana tena, lakini itapotea tukidhani kwamba sanaa ni kitu cha kununuliwa.

Basi walimu, waiteni shuleni akina bibi wasukao mikeka na mafundi wachongao milango, japo saa moja kwa juma. Nanyi wazazi, mtoto akirudi na mikono iliyojaa udongo, msimkemee kabla ya kuuliza ameunda nini. Mcheza kwao hutunzwa.