Omar Khayyam na Ile Robo ya Siku

Kwa muda wa miaka mingi nimemfundisha Omar Khayyam kama mshairi, na mshairi tu. Wanafunzi wangu hukutana naye katika tarjuma ya Shaaban Robert, iliyotokana na Kiingereza cha Edward FitzGerald cha mwaka 1859, nao hutoka darasani wakiamini kwamba mtu huyu aliishi kwa mvinyo na mawaridi. Nakiri kwamba kosa ni langu. Muhula uliopita msichana mmoja anayesomea ualimu wa hisabati aliniuliza iwapo Khayyam huyu ndiye yule wa milinganyo ya kipeo cha tatu, nami nikababaika mbele ya darasa zima. Ndiye huyo huyo.

Alizaliwa Nishapur, mashariki ya Iran, mwaka 1048. Khayyam maana yake ni mshona mahema, na yamkini hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya wazee wake. Angali kijana alikwenda Samarkand, na huko akaandika kitabu cha aljebra kilichomtangaza. Mwaka 1074 Sultani Malik Shah wa Waseljuki, pamoja na waziri wake Nizam al-Mulk, walimwita Isfahan, wakampa yeye na wanafalaki wenzake mahali pa kutazamia nyota.

Walichotakiwa kukitengeneza ni mwaka. Mwaka wa Hijria hufuata mwezi na una siku 354, yaani pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Wafaa sana kwa ibada, lakini ukitumiwa kukusanyia kodi mkulima atadaiwa ilhali ngano yake ingali mbichi kondeni. Waajemi walikuwa pia na mwaka wao wa kale wa jua, wenye siku 365 kamili. Huo nao ulikuwa na ila, kwani mwaka wa kweli huzidi siku hizo kwa takriban saa 6 kasoro dakika 11. Robo hiyo ya siku isipohesabiwa, siku ya mwaka mpya hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne. Kufikia wakati wa Khayyam, ilikuwa imetangulia kwa siku 18 ile siku ya Machi ambapo usiku na mchana hulingana.

Mnamo tarehe 15 Machi 1079 kalenda mpya ilianza, ikaitwa Jalali kwa jina la heshima la Sultani. Kanuni yake naistahi kwa wepesi wake. Mwaka huanza siku ile ambayo jua limeingia buruji ya Hamali kabla ya adhuhuri. Likichelewa, mwaka mpya husubiri kesho yake. Mwanadamu hailazimishi mbingu ifuate daftari lake. Huko Ulaya kosa la kalenda ya Julius Caesar lilingojea hadi mwaka 1582, Papa Gregory wa 13 alipofuta siku 10 kwa mpigo. Kalenda rasmi ya Iran, iliyowekwa mwaka 1925, ni kitukuu cha hiyo ya Isfahan.

Hapa mniwie radhi nirudi kwenye fani yangu, maana neno lenyewe la Kiajemi la sikukuu hiyo, lenye maana ya siku mpya, tunalo katika Kiswahili: Nairuzi. Manahodha na wakulima wa pwani yetu walihesabu kutoka Nairuzi miongo ya siku kumi kumi, wapate kujua majira ya pepo na ya kupanda. Mwaka wao ulikuwa ule wa kale, wa siku 365 bila ya robo. Basi chukua ile Nairuzi ambayo haikusahihishwa mwaka 1079, uirudishe nyuma robo siku kwa kila mwaka, kwa miaka 945. Utapata siku kama 230, nawe utaangukia katikati ya Julai. Na Julai ndio mwezi ambao watu wa Makunduchi, Unguja, husherehekea Mwaka Kogwa! Hesabu hiyo niliifanya ubaoni pamoja na yule msichana, na sikumbuki somo la isimu lililowahi kunifurahisha kuliko hilo.

Isfahan mambo hayakudumu. Mwaka 1092 Nizam al-Mulk aliuawa, na haukupita muda mrefu Sultani naye akafa. Fedha zilikatika, na kazi ya kutazama nyota iliyokuwa imeendelea kwa miaka 18 ikakoma. Zohali huhitaji miaka 29 na nusu kulizunguka jua; kwa hiyo wanafalaki hao hawakupata kuiona ikimaliza hata mzunguko mmoja. Sisi tuliozoea kuona tafiti zikifa pamoja na wafadhili wake hatuhitaji kuelezwa uchungu huo.

Khayyam alishukiwa upungufu wa imani, akaenda kuhiji Makka. Baadaye alipata makao Merv, kisha akarudi Nishapur, mtu mkimya asiyependa sana kufundisha, akafa mwaka 1131. Mwandishi Nizami Aruzi, aliyewahi kumsikia akisema kwamba kaburi lake litakuwa mahali ambapo miti itamwagia maua, alilizuru miaka michache baadaye. Alilikuta kando ya ukuta wa bustani, limefunikwa kwa maua ya mipea na mipichi hata halionekani.